Chadia wa Kasongo na fonksio iliyonyamaza

Ngumi ya Ramazani ilimupata Chadia chini ya sikio, akiwa ameinamia telefone ya mutu na feri ya moto mukononi, ile ya kuunganisha nyaya. Hakuanguka. Mutu aliyelelewa katikati ya kaka wenye vichwa vigumu anajua kitu moja: ukipigwa, usiulize kwanza ni juu ya nini, rudisha. Alirudisha na ile feri. Ilimulamba Ramazani juu ya kiwiko, ngozi ikalia chiii kama samaki katika mafuta, na mwanaume muzima, chefu wa wamotari, wale wa kubeba watu na pikipiki, wa pale sokoni, akapiga kelele mpaka kuku wa jirani wakarukia bati.

"Umenichoma, weye imbwa!"

"Na weye umenipiga, imbwa mukubwa! Unaingia kwa watu bila hodi, ngumi mbele, salamu nyuma? Nani alikulea?"

"Ndugu yangu wamemukata! Atumani! Wamemukata na mipanga kama muhogo, na ile simu yako inalala!"

Pale njo Chadia alishusha mukono.

Nje ya kibanda kulikuwa pikipiki zimejaa njia yote, na wenye pikipiki walikuwa na mipanga imefungwa kwenye usukani na kamba za mupira wa gurudumu. Habari ilimufikia vipande vipande, kila mutu akipandisha sauti juu ya mwenzake. Atumani alitoka asubuhi kwenda Salamabila, amebeba mama mumoja na furushi yake ya vikwembe, vitambaa vya kuvaa, vya kuuza kule kwa wachimba zahabu. Kwenye daraja ya miti, mbele ya kufika Wamaza, majambazi walitoka katika majani. Yule mama alikufa palepale, juu ya vikwembe vyake. Atumani aliweka mikono juu ya kichwa kujikinga, vidole vyake vikabaki kwenye daraja. Motari mwengine alimuokota, akamufunga mugongoni na kikwembe kama mutoto, akamurudisha Kasongo. Sasa alikuwa hopitalini, anaita mama yake aliyekufa zamani.

Na hawa wenye mipanga walikuwa wameisha kukata kesi. Mwenye kosa ni Célestin wa Wamaza.

Mutu asiyejua njia zetu atauliza, Célestin anaingia hapa namna gani. Uniti iko ghali, kwa hiyo watu wanabipu: simu inalia kidogo, unakata. Bipu moja maana yake njia iko safi. Bipu mbili za kufuatana, majambazi wameonekana, musipite. Kando ya njia kuko watu wanaoangalia, na kwa upande wa Wamaza alikuwa huyu Célestin, kabila lake Mubangubangu, mulimaji wa karanga, mukatekisti katika kanisa yao ya majani. Akiona kitu, anapanda kichuguu nyuma ya kanisa pale rezo ya simu inapatikana, anabipu simu ya Chadia. Simu ile imefungwa na waya kwenye mashini ya Chadia, kompyuta yake; mashini inahesabu bipu, na zikiwa mbili mesaji inatoka kwa wamotari wote kwa mara moja.

Hiyo yote Chadia aliitoa katika kichwa chake. Masomo yalimushinda, ao yeye aliyashinda: walimufukuza siku alipomupiga prefe, mukubwa wa masomo, na kiti. Baba yake Alimasi, mushoni wa kanzu, akamwambia kama mikono yako haitulii, itafutie kazi. Akaanza kufungua telefone zilizokufa. Mounira, ndugu yake wa Kindu, akamuachia mashini yenye kioo kilichopasuka, na ndani yake kulikuwa masomo ya kuandika programu. Nusu ya yale masomo aliyaelewa. Nusu ingine aliielewa kwa hasira.

Lakini programu yake ilikuwa na ubaya moja, na aliujua. Yote ilikuwa fonksio moja. Fonksio ni kazi unayoipatia jina. Ukitaja jina, mashini inaifanya toka mustari wa juu mpaka wa chini. Ya Chadia iliitwa "kazi", basi, hakuna lingine. Mwanzo ilikuwa fupi. Kisha asosiasio ya wamotari ikataka simu itume salamu za Idi. Akazisukuma ndani. Wakataka matangazo ya mbuzi waliopotea. Akasukuma. Kila mutu alikuja na mudomo mukali, naye akajibu na mudomo mukali, kisha akaingiza mistari popote aliona nafasi, ili apate amani. Ile fonksio ikanenepa kama nyoka aliyemeza mbuzi na pembe zake. Ukitaka kufika mwisho wake, kidole kinachoka. Hata mwenyewe aliogopa kuigusa, juu ukigusa salamu za Idi, mbuzi wanapotea mara ya pili.

"Célestin hakubipu," Ramazani alisema, anapulizia kidonda chake. "Amekula na wale majambazi. Leo tunamuchoma ndani ya nyumba yake. Watatu wameisha kwenda mbele. Na hii mashini yako iliyosaidiana naye, naipasua sasa hivi."

Akainyanyua juu.

"Alibipu!" Chadia akamusukumia simu machoni. "Angalia! Célestin, Célestin. Mbili za kufuatana, jua bado kutoka!"

"Jina la mutu katika simu unaliandika mwenyewe. Kama alibipu mbili, mesaji iko wapi? Nani hapa alipata mesaji?"

Hakuna aliyepata.

"Munaona? Anamuficha. Anakupa nini yule mzee, ee? Ao anakulala?"

Chadia akamutemea mate, yakaingia katika ndevu. Ramazani akamupiga kofi lililopasua mudomo. Chadia akakamata kidole gumba chake na meno, akaking'ang'ania kama mamba wa Lualaba, na wale wawili wakazunguka katika kibanda wakiangusha vioo vya simu, mpaka Lukumani akaingia. Lukumani alikuwa motari munene kuliko wote, pikipiki yake inalia hata kwenye mutelemuko. Akawatenganisha kwa kusimama tu katikati.

"Chefu, esansi ya pikipiki bado inamwagwa," akasema. "Huyu wa kuuza na chupa anapima kama dawa ya mutoto. Tunapongoja, muache mwanamuke atafute. Mashini haina miguu, itakimbilia wapi?"

"Munipe muda wa kujaza pikipiki zenu," Chadia alisema, damu kwenye meno, na hakujua ni ya nani. "Nikikosa kujua juu ya nini simu ilinyamaza, pasueni mashini, na mimi munipasue pamoja nayo."

Ramazani alimuangalia. Akarudisha mashini juu ya meza kwa nguvu, kioo kikaongeza ufa mwengine.

Kwanza Chadia alimupigia Célestin simu. Hapatikani. Akapiga tena, hapatikani. Mzee alikuwa chini ya kichuguu, katika karanga zake, na simu haimungoji mutu. Mesaji tu njo inangoja, mpaka siku mwenyewe atapanda. Na wale watatu walikuwa njiani, na Wamaza si mbali kwa mutu mwenye hasira.

Akafungua ile fonksio, akasoma toka juu. Akasoma, akasoma, akafika kwenye mbuzi akapotea. Akarudi juu. Akapotea kwenye Idi. Nje walikuwa wanacheka kicheko kibaya, wanaulizana kama nyumba ya majani inahitaji kiberiti moja ao mbili. Damu ilidondoka kwenye herufi. Alitaka kuikamata ile mashini na kuivunja mwenyewe kichwani mwa Ramazani.

"Unanificha nini, mushenzi weye?" akaiuliza. "Ngoja nikuchinje."

Na aliichinja. Akakata kipande kile cha kusikia bipu, akakiweka pembeni peke yake, akakipatia jina: somaBipu. Pale kilipotoka akaacha lile jina tu. Akaendesha mashini aone kama bado inatembea. Inatembea. Akakata kile cha kuhesabu kama bipu ni mbili, akakiita njiaIkoMubaya. Akaendesha. Akakata salamu, tumaSalamuZaIdi. Akakata mbuzi, tangazaVilivyopotea. Kila kipande kilikuwa kifupi, unakiona chote bila kusogeza kidole, na jina lake linakuambia kinafanya nini, kama vile mutu anakujibu ukimuuliza weye unakwenda wapi. Akakata kile cha kutuma mesaji, akakiita onyaWamotari.

Wakati vyote vilikuwa vimetoka, ile fonksio kubwa ilibaki mifupa. Mistari kidogo tu, na ilisomeka kama mutu anaongea:

kama kukoMatanga: acha yote, simama hapo
somaBipu
kama njiaIkoMubaya: onyaWamotari
tumaSalamuZaIdi
tangazaVilivyopotea

Chadia alisoma. Akasoma mara ingine, akasimama kwenye mustari wa kwanza.

Mzee Iliasi, mutu wa kwanza kubeba watu na pikipiki Kasongo, alikuwa amefariki, na matanga yake bado hayajaondolewa. Kwetu nyumba ya matanga haipigiwi kelele. Radio inazimwa, baa inafungwa, na motari akipita pale anazima moto wa pikipiki na kusukuma na miguu. Sasa siku ya kuzika, maalimu katikati ya kisomo, simu za wamotari wote zililia kwa pamoja: mbuzi amepotea, mbuzi amepotea. Wajane waliruka. Jioni ile Ramazani alikuja akapiga meza ya Chadia na ngumi, vyombo vikamwagika: "Hata mulio moja! Mpaka matanga yaishe, unyamazishe yote!" Na Chadia, kwa hasira ya ile ngumi, aliandika mustari ule juu kabisa, juu ya vyote, hata hakuangalia kuna nini chini yake. Yote ikanyamaza. Salamu, mbuzi, na kilio cha mipanga pia.

Kwa hiyo Célestin alibipu. Mashini ilikuwa inaheshimu maiti, na walio hai wakakatwa.

Alikaa akiangalia ule mustari. Angeweza kuufuta akatoka nje kusema ilikuwa rezo. Kasongo kila kitu ni rezo, hata mimba zingine wanasemea rezo. Lakini wangemujibu: rezo yetu ilikuwa nzuri, Célestin ni muongo, twende. Na mzee angeungua. Kusema kweli, basi, nje kulikuwa watu wengi na mipanga mingi, na yeye alikuwa na feri moja tu.

"Weye! Tumejaza!" Ramazani akapiga kelele.

"Nakuja! Kama una haraka, tangulia kufa!"

Akashusha ule mustari wa matanga, akauweka juu ya salamu na mbuzi peke yao, pale heshima inahusu. Bado hakuiendesha hii mupya; akaacha ile ya zamani itembee. Halafu macho yake yakaanguka kwenye jina lile, onyaWamotari, na likamuuma. Célestin si motari. Tangu mwanzo mutu anayeonya wengine, yeye haonywi, na mpaka lile jina lilipoandikwa hakuna aliyeliona hilo, hata Chadia mwenyewe. Akafungua kile kipande, akaingiza wale wote wa kuangalia njia, na Célestin ndani. Akaongeza neno moja mwisho wa mesaji. Jina akaligeuza: onyaWote.

Akatoka nje na mashini chini ya kwapa.

"Ramazani, bipu simu yangu. Mara mbili."

"Mimi ni mutoto wako?"

"Mbele Célestin hajaanza, ni weye ulikuwa ukibipu njia ya Wamaza. Namba yako iko ndani kama yake. Bipu, ao unaogopa mwanamuke mbele ya watu wako?"

Watu wakasema ooo. Ramazani akabipu, mara mbili, anatazama pembeni kama mutu anayemutendea kichaa wema. Kila mutu akatoa simu yake. Wakangoja. Mbuzi mumoja akapita. Hakuna kilicholia.

"Kumbe ni weye ulimuuza Atumani," Chadia alisema.

Mupanga ukatoka kwenye kamba. "Rudilia!"

"Nasemaga kwa akili yenu! Célestin, mesaji haikutoka, basi ameuza. Weye umebipu hapa, machoni petu, mesaji haijatoka. Basi na weye umeuza. Ao sheria iko ya Wabangubangu peke yao?"

Lukumani alicheka mara moja, akafunga mudomo.

"Simu ilinyamaza juu ya matanga ya mzee Iliasi," Chadia akasema, na hakushusha sauti. "Ni weye ulipiga meza ukisema hata mulio moja. Na ni mimi niliandika vibaya. Célestin hana kitu. Kama munatafuta wa kuchoma, tuko hapa, mimi na chefu wenu."

Jiwe lilitoka nyuma ya watu, likamupasua juu ya jicho. "Vidole vya Atumani ni weye umevikula!" mutu alilia, na wote wakasogea. Teke likamupata kwenye mbavu. Akaanguka juu ya mashini yake, akaifunika na tumbo kama mama kuku. Mutu akamuvuta nywele, mwengine akamukanyaga mukono, naye akauma mguu wa nani sijui. Chini pale, kidole kimoja cha mukono mwengine kikatafuta herufi na kuendesha ile programu mupya.

"Bipu tena!" akapiga kelele toka chini ya viatu. "Ramazani! Kama unamupenda ndugu yako, bipu tena!"

Ramazani alikuwa amesimama, mupanga mukono wa kuume, simu wa kushoto. Uso wake ulikuwa wa mutu aliyeelewa kitu asichotaka kuelewa. Akabipu. Akabipu mara ya pili.

Njia yote ililia. Mifukoni, viunoni, ndani ya kofia, kila simu kwa sauti yake, na ile ya Lukumani ilikuwa na sauti ya jogoo. Viatu vikaachana na Chadia. NJIA YA WAMAZA IKO MUBAYA. MUSIPITE. JIFICHENI.

"Imetoka," Lukumani alisema polepole.

"Na kwa Célestin pia," Chadia akasema, akitema damu. "Lakini anaipata akipanda kichuguu tu. Wale watatu wenu wako wapi sasa?"

 Ramazani aliruka juu ya pikipiki yake, na mbele haijashika mwendo, Chadia alikuwa amekaa nyuma, jicho moja limefungwa na damu, kucha zake katika bega la yule aliyempiga.

Walienda kama wezi wanaokimbizwa. Kwenye mabonde ya udongo waliangushwa, wakainuka bila kuulizana kama umeumia. Kwenye daraja ya miti vikwembe vya yule mama bado vilikuwa vimetawanyika, vyekundu, na Ramazani alipita katikati bila kupunguza moto, akilia kwa sauti.

Moshi waliuona mbele ya kuona kanisa.

Nyumba ya Célestin ilikuwa inawaka toka chini mpaka kwenye kipaa. Mumoja wa wale watatu alilala kiwanjani, anashika taya iliyovunjika, na mama Cécilia, muke wa Célestin, alisimama juu yake na muti wa kinu ukiwa na damu kwenye ncha. Wale wawili wengine walikuwa wanamuzunguka na mipanga kama watu wanaotafuta upande wa kumushika ng'ombe mukali.

Ramazani hakusimamisha pikipiki. Aliwaingilia nayo. Mumoja akarushwa kwenye majivu, na yule wa pili Chadia alimupatia kichwa katikati ya pua, akasikia mufupa ukikubali.

"Ni sisi, chefu!" yule alilia, anashika pua. "Weye njo ulitutuma!"

"Najua!" Ramazani akamupiga teke. "Najua, najua!"

Célestin alitoka katika muhogo. Watoto walibaki nyuma yake, wamelala chini. Alikuwa na mupanga wa kulima, na simu yake ndogo imefungwa shingoni na kamba. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Ramazani. Ramazani akatupa mupanga wake katika majani, akasimama mikono wazi.

Célestin alimupiga na ubapa wa mupanga, shingoni, kwa nguvu zake zote. Ramazani akapiga magoti.

"Nilibipu," Célestin akasema. "Niliwaona mipanga mukononi, nikapanda kule juu mavazi yamelowa umande, nikabipu mara mbili. Nikashuka nikasema Mungu asante, wamesikia. Kumbe yule mama alikuwa anakuja tu mpaka darajani."

Akampiga tena, palepale.

"Mimi njo nilisema simu inyamaze, papa," Ramazani alisema chini.

"Na mimi njo niliandika," Chadia akasema. "Unipige na mimi."

Mzee alimuangalia ule uso uliovimba, akaona hakuna pahali pazima pa kupigia.

"Nilipanda kichuguu kumuita kwa simu mukubwa wa kijiji juu ya yule maiti wa darajani," akasema. "Simu ikalia. Jificheni. Nikakimbiza watoto kwenye muhogo, muke wangu akakataa, akasema hawezi kuacha kinu chake kwa wezi. Ni nani aliyenitumia? Miye hamunitumiaga kitu."

"Ni mashini. Sasa inaonya wote."

"Wote ni nani?"

"Na weye ndani, papa."

Nyuma yao kipaa kilianguka kwa kishindo, cheche zikapanda, na mukeka, mifuko ya karanga za mbegu, kila kitu kikashika moto kwa pamoja. Mama Cécilia alianza kulia, muti wa kinu bado mukononi.

"Na nyumba yangu?" Célestin aliuliza.

 Chadia alivunja tawi bichi, akaenda kupiga moto uliokuwa unatembea katika majani makavu kuelekea ghala la jirani. Ramazani akainuka, akavunja lake. Kisha wale watatu, mumoja taya, mumoja pua, mumoja anachechemea. Walipiga ule moto mpaka mikono ikatoka malengelenge, wanakohoa, hakuna anayemutazama mwenzake.

Célestin hakuwasaidia. Alikaa juu ya kinu, mupanga kwenye magoti, anawaangalia kama mutu anayelinda wafungwa.